Shajara ya mradi: wasichana 13, grupu moja la WhatsApp, na sisi tusiojua kunyamaza

Februari 8

Jambo la kwanza kutushinda ni jina. Kwenye andiko la mradi tuliandika "Kuzuia matatizo ya ulaji kwa vijana kwa njia ya mtandao". Nilipolisoma mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hapa Ngamiani, Tanga, aliangua kicheko akauliza kama tumetumwa na TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa. Sikuweza kumlaumu. Mtaani mtu akiteuliwa kwenye kamati ya tenda, wenzake husema kapata ulaji. Tukajaribu "maradhi ya kula", watu wakaelewa kisukari. Tukajaribu "lishe", wakaja kina mama wawili na watoto wachanga wakidhani tunapima mzunguko wa mkono.

Tumeamua kusema kwa kirefu kila tutakapoulizwa. Kuna vijana, wasichana zaidi lakini na wavulana wamo, ambao hofu ya kunenepa au chuki ya mwili wao huwafanya wajinyime chakula hadi wadhoofike. Wengine hula kwa pupa wasiweze kujizuia, kisha hujilaumu na kutafuta namna ya kukitoa walichokula. Ni maradhi, yanatambulika hospitalini, na yanaua. Sisi si wa kutibu. Tunataka kumfikia msichana kabla hajafika huko.

Timu ni watu wanne: mimi niliyesoma saikolojia, dada mmoja muuguzi wa afya ya akili, kijana wa kompyuta, na mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mama Mlezi.

Februari 15

Kikao cha wazee na wazazi. Mzee mmoja alisema tuliyotarajia kuyasikia: "Haya ni maradhi ya Wazungu walioshiba." Nilimwamkia tena, nikamsimulia habari ya Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Huko nako, kama huku, mwili uliojaa ulikuwa heshima ya nyumba. Ukikonda, ndugu zako ndio walioulizwa wanakutunzaje. Mwaka 1995 televisheni iliingia eneo la Nadroga. Mtafiti wa Harvard, Anne Becker, aliwapa wasichana wa sekondari dodoso la tabia za kula majuma machache baada ya televisheni kufika, akarudi mwaka 1998 kuwapa wengine wa rika lile lile. Waliopata alama za kutia wasiwasi walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza. Mara ya pili walikuwa asilimia 29.2.

"Miaka mitatu tu?" akauliza mzee. Miaka mitatu, na ilikuwa televisheni ya sebuleni, inayotazamwa na ukoo mzima. Sisi tunazungumzia simu inayolala chini ya mto.

Mama Mlezi akaongeza jambo ambalo mimi, kwa umri wangu, nisingeliwaza. Kizazi chake kinaogopa wembamba kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ya themanini Uganda waliuita UKIMWI "slim", na kule Kagera watu walisema fulani ana "Juliana", jina la kitambaa cha magendo. Mtu akikonda, majirani waliinamisha sauti. Ndiyo maana hadi leo salamu ya bibi ni "mjukuu wangu, umenenepa, alhamdulillahi", na mjukuu anaingia chumbani kulia. Bibi kampa habari njema. Mjukuu kapokea nyingine.

Na hapa kwetu anayetukuzwa si mwembamba peke yake. Ni namba nane: kiuno cha nyigu, nyonga pana, tumbo halipo. Msichana anauziwa chai ya kukata tumbo na vidonge vya kuongeza makalio, pengine na muuzaji yuleyule, kwenye ukurasa uleule. Programu za nje zimeandikwa kupinga ukonde. Zetu itabidi zipinge vitu viwili vinavyovutana kwenye mwili mmoja.

Februari 27

Wiki ya kusoma. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: tumtafute msichana aliyeugua akapona, aje asimulie. Muuguzi akatuwekea breki. Mwaka 1997 zilitoka habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako waliopona waliletwa kuzungumza na wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza. Baadaye waliosikiliza walionekana kuwa na dalili nyingi kidogo kuliko wasiosikiliza. Ukitaka kuuondolea ugonjwa aibu, unaweza kuufanya uonekane jambo la kawaida. Na ukieleza jinsi mgonjwa alivyofanya, umefundisha.

Basi tumeweka kanuni tatu za chuma: hakuna kutaja kilo za mtu, hakuna kutaja kalori, hakuna kueleza mbinu. Hata kwenye shajara hii.

Hukohuko Stanford kikundi cha C. Barr Taylor kilitengeneza Student Bodies, programu ya mtandaoni ya wiki 8 ya kuzuia maradhi haya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu wanawake 480 wa vyuo vya California. Kwa jumla yao, tofauti ya waliougua haikuwa kubwa kiasi cha kujivunia. Ila kwa wale waliokuwa na uzito mkubwa tangu mwanzo, hakuna hata mmoja wa waliopata programu aliyeugua ndani ya miaka 2, wakati kwa wenzao waliokuwa wakisubiri iliwapata asilimia 11.9. Mimi nimeondoka na funzo moja hapo: usihubirie shule nzima, watafute ambao mwili wao umeshaanza kuwakera.

Njia tunayoifuata ni nyingine lakini. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu hapati raha akiwa na imani moja moyoni na kauli nyingine mdomoni. Akisema jambo kwa hiari yake, mbele za watu, moyo nao huanza kusogea kuifuata kauli. Mtafiti Eric Stice na wenzake wakalijengea wazo hilo vikao vinne vya kama saa moja moja, ambamo wasichana wenyewe ndio wanaobomoa kwa maneno yao lile umbo linalotukuzwa. Hafundishwi mtu. Kisha Uswidi wakavifanya kwa vidio, na wasichana 443 wa miaka 15 hadi 20. Ripoti ya mwaka 2020 ilisema baada ya miezi 24 wagonjwa wapya walikuwa pungufu kwa asilimia 77 wakilinganishwa na wenzao waliopewa kazi ya kuandika hisia zao tu.

Hiyo "hafundishwi mtu" tuliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tutaona kama tuliielewa.

Machi 6

Ramadhani imeingia, na jana Wakristo wameanza Kwaresima. Muuguzi anasema tusianze na mtu yeyote mwezi huu, maana mtaa mzima unafunga na hatutajua nani anafunga na nani anajificha ndani ya funga.

Hili lilinisumbua. Nani ana ubavu wa kumuuliza Mwislamu kwa nini anafunga? Nilikwenda kwa sheikh mmoja, jirani yetu, baada ya tarawehe. Hakukasirika. Alisema swaumu ni nia, na mgonjwa ameruhusiwa kula akazilipa siku zake baadaye. Anayefunga ili nguo imkae vizuri Idd, hiyo ni njaa yake mwenyewe, haina mwenyewe mbinguni. Nikamuuliza kama swali "nia ya funga hii ni nini?" litamkera msichana. "Mwache ajiulize mwenyewe," akasema. "Wewe usimjibie."

Nimeliingiza kwenye orodha kwa maneno yake. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni baada ya Idd: funga za sita za Shawali, za Jumatatu na Alhamisi, na za kulipa kadha. Ni ibada njema zote, na zote zaweza kuwa pazia.

Machi 22

Maswali. Kuna dodoso fupi la Waingereza la mwaka 1999 liitwalo SCOFF: maswali matano, ukijibu "ndiyo" mawili au zaidi inafaa uonwe na mtaalamu. Kwenye karatasi ni kazi ya nusu saa. Imetuchukua wiki mbili.

La kwanza linauliza kama unajitapisha ukihisi umeshiba kupita kiasi. Tuliwasomea wapwa wa Mama Mlezi. Mmoja akasema: "Shangazi, nikijibu ndiyo hapo na mama akaiona simu, atanipeleka kupima mimba." Hakuwa anatania. Katika nyumba zetu binti akitapika hakuna anayewaza jambo jingine.

La tatu linauliza kama umepungua zaidi ya "stone" moja kwa miezi 3. Hicho ni kipimo cha Waingereza, kilo 6 na ushee. Nani mwenye mizani nyumbani? Mizani ya Tanga ni ile ya vijana wa barabarani, unapanda unalipa sarafu, spika inatangaza. Tukaweka: "Nguo zako zimeanza kukupwaya?" Linaeleweka kwa kila mtu.

La tano ndilo lililotuchekesha: je, chakula kimetawala maisha yako? Msichana wa jaribio, mama yake ni mama ntilie, akajibu ndiyo bila kusita. "Tunaamka saa kumi alfajiri kukanda chapati." Na kuna nyumba ambako chakula kinatawala maisha kwa sababu hakipo. Njaa ya kukosa na njaa ya kujinyima zina jibu lilelile kwenye karatasi.

Muuguzi ametukumbusha kwamba ukishabadilisha maswali kiasi hiki, kipimo chenyewe kimekwisha. Hatuwezi kudai alama zetu zina maana sawa na za Uingereza. Sawa. Tutayatumia kufungulia mazungumzo, na anayetutia shaka ataongea na muuguzi kwa simu.

Aprili 12

Kijana wa kompyuta anataka tuweke roboti wa kujibu meseji usiku, sisi tukiwa tumelala. Hoja yake ina uzito. Usiku ndipo watu hufunguka. Nikamwonyesha yaliyotokea Marekani mwishoni mwa Mei 2023, shirika la NEDA, linalosaidia wenye maradhi haya, lilipolazimika kumzima roboti wake, Tessa, baada ya watumiaji kuonyesha kwamba alikuwa akiwashauri wapunguze uzito na wahesabu kalori. Watu waliokuja kuomba msaada wa maradhi hayohayo! Roboti yule mwanzoni alikuwa na majibu yaliyoandikwa na watafiti, neno kwa neno, na alijaribiwa. Baadaye kampuni iliyomwendesha ikamwongezea akili mnemba ya kujitungia maneno. Kijana wetu akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tuweke zamu." Zamu ni mimi na muuguzi, hadi saa sita usiku. Baada ya hapo ujumbe mmoja tu hujibu wenyewe, wenye namba ya hospitali.

Suala jingine ni nani hasa wa kumwalika. Wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi simu shuleni, na wakiwa nyumbani wengi hutumia ya mama. Chini ya miaka 18 tunahitaji ridhaa ya mzazi, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Mama Mlezi ndiye aliyekata mzizi wa fitina: waliomaliza kidato cha sita. Wana miaka 18 au 19, mtihani unaisha Mei, siku hiyohiyo wananunuliwa simu janja, na wana miezi kadhaa ya kukaa nyumbani wakitazama wenzao kwenye simu hiyo.

Mei 24

Wamemaliza mtihani. Tulibandika karatasi saluni tatu na kwa mafundi cherehani wawili. Hatukuandika neno "ugonjwa". Tuliandika: "Umechoka kusemwa mwili wako? Njoo tuongee, ni bure, bando tunatoa." Wamejitokeza 16; watatu muuguzi amewaelekeza kwingine. Tumebaki na 13.

Juni 1

Kikao cha kwanza, Jumapili saa kumi jioni. Vidio tuliiacha, inakula bando na nusu yao wanalala chumba kimoja na wadogo zao. Tunatumia ujumbe wa sauti na maandishi kwenye grupu.

Nilikaribisha. Muuguzi akajitambulisha. Mama Mlezi akaweka dua na nasaha kidogo. Nikaeleza lengo, nikaeleza namba nane ilitoka wapi, nikaeleza filta za kamera, nikaeleza madhara ya vidonge. Muuguzi akaongeza. Tukauliza: "Kuna mwenye swali?" Vidole gumba vinne na "asante dada" mbili.

Tulifurahi. Nimeandika kwenye daftari "kikao kimekwenda vizuri". Naliacha hapa lionekane.

Juni 4

Wawili wameondoka kwenye grupu bila kuaga. Halafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa: majina ya kujiunga kwa mujibu wa sheria yametoka, watano wetu wameitwa, na huko kambini simu hawaendi nayo. Tulikuwa na kalenda yenye rangi, tukasahau kwamba kila Juni Serikali huwachukua vijana haohao. Mama Mlezi, aliyefundisha sekondari miaka mingi, alijishika kichwa. Shangazi wa binti mmoja kampigia simu kumpongeza: "Nenda mwanangu, utarudi umekatika vizuri."

Wamebaki sita.

Juni 8

Nilimpigia mmoja wa walioondoka. Nilimwomba aniambie ukweli na nikamhakikishia sitamrudisha kwa nguvu. Alisita. Akasema: "Dada, samahani. Nyie mnaongea kama redio."

Kijana wa kompyuta akapakua mazungumzo yote akajumlisha muda. Kikao cha kwanza: sauti zetu dakika 26. Sauti zao, kumi na tatu kwa pamoja, dakika 4, na humo mnahesabika "shikamoo Mama" na "marahaba mwanangu".

Ile mistari myekundu ya Februari. Tulikuwa na njia ambayo nguvu yake yote imo kwenye kinywa cha msichana, na kinywa hicho tukakijaza cha kwetu. Sidhani ni ukaidi. Kwetu mkubwa akikutana na mdogo mwenye shida, humpa nasaha. Akinyamaza anaonekana hajali. Mama Mlezi ndiye aliyesikitika zaidi, kwa sababu ndiye mwenye nasaha nzuri zaidi.

Kuanzia leo kila mmoja wetu ana dakika moja kwa kikao. Kijana wa kompyuta anashika saa. Amefurahi mno kupata mamlaka haya.

Juni 15

Kikao cha pili, ambacho kwa kweli ni cha kwanza upya. Nilituma sauti moja ya sekunde 20: "Wiki hii nani kakusema mwili wako, na kasemaje?" Nikaweka simu juu ya meza, nikakalia mikono yangu.

Dakika tano hakuna kitu. Mama Mlezi akataka kusaidia, nikamwangalia. Dakika ya saba sauti ya kwanza ikaingia, na baada ya hapo hatukuweza kuzifuata zote.

Tulijiandaa kusikia habari za mitandao. Tulisikia za fundi cherehani. Karibu kila mmoja ana kisa cha kwenda kupimwa sare ya harusi: fundi anazungusha futi kiunoni, kisha anamtajia kijana wake namba kwa sauti barabara nzima isikie, na wanaosubiri wanatia neno. "Huyu kitambaa hakitoshi." "Huyu nyuma tupunguze, hakuna kitu." Mmoja alisema tangu siku hiyo hajavaa sare ya harusi yoyote, anasingizia kuumwa. Mwingine: "Instagramu naweza kuizima. Fundi yuko njia ya dukani."

Hili hatukulisoma popote. Grupu lilikuwa na jina refu la kimradi. Kufika Magharibi mmoja wao akawa amelibadilisha, sasa linaitwa "Fundi, Pima Kimya".

Kisha zoezi: niliigiza msichana anayetaka vidonge vya makalio kabla ya send-off ya dada yake, wao wanizuie. Nilikuwa mkaidi, nikajitetea kwa hoja zote za matangazo. Walinitwanga. Walihesabu bei ya chupa, wakauliza kopo limesajiliwa wapi, wakauliza kama shemeji anamwoa dada au ananioa mimi. Kile ambacho mimi ningekieleza kwa dakika kumi na kusinzisha watu, walikisema wao kwa kelele na kicheko. Na walikisema mbele ya wenzao, ambako ndiko kunakohesabika.

Juni 22

Zoezi la kioo. Kwenye programu zilizotangulia msichana husimama nyumbani mbele ya kioo kirefu, peke yake, akaandika anayoyapenda kwake, ya mwili na ya tabia. Kati ya sita, kioo kirefu anacho mmoja, nacho kiko kwenye kabati la mama yake. Mwingine kioo kirefu pekee anachokijua kiko, tena, kwa fundi.

Tuliwauliza wafanyeje. Wakaamua kila mmoja amrekodie mwenzake mambo mawili ambayo hayahusu kuonekana, na kisha aseme moja kuhusu kazi ambayo mwili wake mwenyewe unafanya. "Mikono yangu inasuka kichwa kizima kwa saa mbili." "Miguu hii ilinitoa Makorora hadi Raskazone siku ya mgomo wa bajaji." Sauti moja ilikuwa kimya sekunde nane, halafu: "Sijui. Nitarudi." Alirudi siku ya pili, saa kumi na moja asubuhi. Alisema mapafu yake, anaimba kwaya.

Juni 25

Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili mhusika asitambulike.

Ujumbe uliingia saa sita kasoro, mwisho wa zamu. Msichana alisema anakwenda kwenye mizani ya barabarani kila siku, na mengine ambayo kwa kanuni yetu siyaandiki. Muuguzi alimpigia palepale. Kesho yake akamsindikiza hospitali, pamoja na mama yake.

Mama alikuwa ameshanunua kipimo cha mimba kitambo, amekificha kwenye mkoba akisubiri pa kuanzia. Alipoelezwa, alikaa kwenye benchi muda mrefu. "Bora ingekuwa mimba," akasema. "Hiyo ningejua la kufanya."

Waliompokea mara ya kwanza walimwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Muuguzi wetu hakuondoka. Aliomba wapime mapigo na presha, akiwa amelala na akiwa amesimama, na damu ipimwe potasiamu, kwa sababu ikishuka moyo hupoteza mwendo bila onyo. Kuna daktari alimsikiliza. Binti sasa ana kliniki yake, na kwa ushauri wa muuguzi amepumzika mazoezi ya grupu. Programu ya kuzuia si tiba, na kumweka aliyeugua kwenye zoezi la kinga ni kumpotezea muda.

Wamebaki watano.

Julai 6

Kikao cha mwisho: kumwandikia barua msichana wa darasa la sita. Walikataa kuandika, wakasema darasa la sita hawasomi barua, wanasikiliza. Wakarekodi. Mmoja alimwambia mdogo huyo wa kuwaza kwamba siku atakapoota chunusi na nyonga katika mwezi mmoja, asimkimbilie dada mkubwa kuuliza kama amekuwa mbaya, kwa sababu "dada mkubwa naye anajiuliza hivyohivyo, mtaishia kulia wawili".

Muda: sisi dakika 3. Wao dakika 41.

Julai 19

Hesabu kwa wafadhili. Wametuuliza tumezuia wagonjwa wangapi. Jibu ni kwamba hakuna awezaye kusema kwa watu watano na wiki tano. Uswidi ilihitaji 443, kundi la kulinganisha na miezi 24. Nimewaandikia tulichonacho: waliomaliza ni 5, aliyefikishwa hospitali ni 1, bando limegharimu chini ya nusu ya tulichopanga kwa sababu sauti ni nyepesi kuliko vidio, na dakika zetu na zao kwa kila kikao. Kijana wa kompyuta aliuliza kama dakika ni kiashiria. Nimeziweka.

Nimeongeza ombi moja: fedha za kuwafundisha wasichana wenyewe kuongoza. Majaribio ya Stice yameonyesha kwamba vikundi vinavyoongozwa na wanafunzi wenzao hufanya kazi vizuri. Mama Mlezi amependekeza pia tukae na mafundi cherehani wa Ngamiani. Anawajua wote, wengine aliwafundisha.

Septemba 7

Wa JKT wamerudi, wote watano, weusi kwa jua na sauti zimekauka kwa nyimbo za mchakamchaka. Mmoja shangazi alimpokea kwa kumgeuza huku na huku kama anachagua nazi. "Nikamwambia, shangazi, nimejifunza kulenga shabaha, hilo huulizi?"

Huyo ndiye ameomba aongoze kikao cha Jumapili. Nilitaka kumwandikia utangulizi, nikafika mstari wa tatu nikafuta. Leo saa kumi kamili ameingia mwenyewe kwenye "Fundi, Pima Kimya", watu 14 sasa, wanne kati yao hatujawahi kuwaona, wameletwa na marafiki. Sauti yake ya kwanza ilikuwa ya sekunde 11:

"Haya mashoga, nani kaambiwa nini wiki hii? Anza wewe wa kwaya."

Mama Mlezi alinipigia pembeni kuuliza kama tumwongezee neno. Nilimwambia saa ya kijana wa kompyuta imeshaanza kuhesabu.